Mwezi wa Mdandu, Maji ya Pangani

Huku kwetu Mdandu, mtu akiaga kwamba anakwenda pwani, majirani huuliza kwanza kama kuna msiba. Kama si msiba, basi kuna mgonjwa Muhimbili, au kijana anaoa Dar es Salaam, au mzigo wa viazi umefika sokoni na mwenyewe anatakiwa akausimamie. Kusafiri ili kukaa tu mbele ya maji, kula, kulala na kurudi, ni jambo ambalo wazee wetu hawakulelewa nalo. Wamelima, wamesomesha, wamezika. Pumziko lao ni Jumapili mchana baada ya ibada, na hata hapo mama huwa na jembe karibu.

Kundi letu la familia la WhatsApp lilianzishwa kwa ajili ya mazishi ya shangazi, na kwa muda mrefu kazi yake ilibaki hiyo hiyo: michango ya jeneza, ya gari la kusafirisha mwili, ya chakula cha waombolezaji. Siku moja mdogo wetu wa mwisho aliuliza kwa nini hatujawahi kumchangia mtu aliye hai. Hakuna aliyejibu mpaka jioni. Kisha kaka mkubwa akatuma fedha kwa mweka hazina wetu, na chini yake akaandika: “Ya baba na mama kwenda kuona bahari.”

Kazi ya kutafuta nyumba nilikabidhiwa mimi, kwa kuwa nafanya kazi Makambako ambako mtandao haukatiki sana, na kwa kuwa ndimi ninayewajua wazee kwa karibu zaidi. Hilo la pili ndilo lililonisaidia. Nyumba ya ufukweni watu huichagua kwa picha: minazi, kitanda cheupe, machweo. Mimi nimefikia kuamini kwamba unaanza na watu watakaolala humo ndani, unafuata maji yaliyo mbele yake, na nyumba yenyewe inakuja ya tatu. Ukiupindua mpangilio huo utalipia picha.

Mahali penyewe palitugawa. Mama anachoshwa na mabasi, kwa hiyo alitaka Matema, kule Kyela, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Kwa mtu wa Njombe hilo ni wazo zuri kabisa. Milima ya Livingstone inashuka karibu kuingia majini, na wanawake wa Kikisi huuza vyungu vyao vya udongo palepale ufukweni. Ziwa nalo lina sifa ambayo bahari haina, maana maji yake hayajai wala kupwa kila siku. Ulipoyaacha jioni ndipo utakapoyakuta asubuhi. Ila kuna kichocho katika baadhi ya sehemu zenye maji yaliyotulia, na katikati ya mwaka upepo wa mwera huinua mawimbi ambayo wageni hawayategemei kwenye ziwa. Dada alitaka Zanzibar. Kaka alisema Kigamboni inatosha, kwa sababu tangu daraja lifunguliwe mwaka 2016 mtu hahitaji tena kugombania pantoni ya Magogoni, na ndugu wa Dar wangekuja kutusalimia. Mimi niliitazama Bagamoyo, kwa kuwa ningependa wazee wakae kwenye mji wenye historia ya Kanisa, ambako wamisionari Wakatoliki walifungua kituo mwaka 1868. Lakini mto Ruvu unamwaga maji yake jirani na hapo. Bahari ya Bagamoyo ni ya tope na mikoko kuliko ile ya bluu iliyo vichwani mwetu, na mvua zikinyesha sana huwa ya kahawia.

Baba alisikiliza yote hayo kwa simu, kipaza sauti kikiwa wazi, akauliza: “Na Pangani mnapita wapi?”

Babu, yaani baba yake baba, alikuwa manamba. Enzi za Waingereza vijana wa Kibena waliondoka Njombe kwa makundi kwenda kukata mkonge Tanga. Kila mmoja alipewa kipande, kadi iliyohesabu siku 30 za kazi ambazo zilitakiwa zikamilike ndani ya siku 42. Siku usiyomaliza kazi yako haikuandikwa. Babu alipangiwa shamba la Pangani. Ni huko huko ambako mkonge wa nchi hii ulianzia: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, jirani na mji wa Pangani. Kutokana na miche hiyo, kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka. Babu hakusimulia tani. Alisimulia miiba, utomvu unaowasha ngozi, na siku aliyotembea na wenzake hadi kwenye maji yasiyo na ng’ambo. Baba amezaliwa Mdandu na amezeekea Mdandu, lakini jina la Pangani amelisikia tangu akiwa mgongoni.

Baada ya swali lile hatukujadili tena. Nilichojiuliza ni kama mama ataweza kufika, na tutamlaza wapi.

Mama ana magoti mabovu. Kwa hiyo kabla sijafungua simu kutazama picha yoyote niliandika kwenye karatasi: hakuna ngazi, au ziwe chache na zenye pa kushika, choo cha kukaa, kitanda kisichokuwa kirefu kutoka chini, kutoka barazani hadi majini pawe mwendo anaouweza kwenye mchanga, na mchanga mkavu unachosha kuliko njia ya shamba. Baba hawezi kula chakula cha hotelini siku mbili mfululizo, kwa hiyo jiko lilikuwa la lazima. Wajukuu wamekulia milimani na hakuna hata mmoja anayejua kuogelea. Ukishakuwa na karatasi ya namna hiyo mkononi, nyumba nyingi zinajitoa zenyewe. Ghorofa za kioo zinazotazama bahari ziliondoka zote siku ya kwanza.

Wakati wa kwenda ulikuwa umeshaamuliwa na shamba. Mvua zetu huanza kati ya Novemba na Desemba, kwa hiyo katika msimu ambao mabango yote yanawaita watu wakale sikukuu ufukweni, sisi tuko kwenye kupanda na palizi. Nafasi yetu ni baada ya mahindi kuingia ghalani, Julai kwenda Agosti. Wakati huo Njombe kuna baridi ya kuganda, asubuhi nyasi zina sakitu nyeupe, na wazee wanalala na makoti. Pwani huo ni wakati wa kusi. Upepo unavuma kutoka kusini, jua halichomi kama la Januari, usiku unahitaji shuka. Kwa watu wa Dar hiyo ni baridi. Kwa watu wa Mdandu ni hali ya hewa iliyotengenezwa kwa ajili yao, na ningemshauri yeyote wa nyanda za juu asimpeleke mzee pwani wakati wa kaskazi, Januari na Februari, kisha ashangae mzee akishinda chumbani mbele ya feni. Ubaya wa kusi ni kwamba bahari ya nje huchafuka na vyombo vidogo huchagua siku za kutoka. Mtu anayetaka kuzamia na kuona matumbawe angechagua miezi mingine. Sisi tulitaka kukaa.

Hata baada ya kuuchagua mwezi, siku zenyewe bado zilikuwa za kutafutwa. Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo kila mtoto wa Pangani analijua na ambalo halikuandikwa kwenye tangazo hata moja kati ya niliyoyasoma. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika kama 50. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu huwa ni bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na katika pwani yetu tofauti inaweza kufika karibu mita 4. Siku hizo maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na kupwa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Tofauti ni ndogo, na saa zinageuka, yaani maji yanakuwa juu karibu saa nne asubuhi na chini karibu saa kumi jioni.

Kwa anayepanga nyumba, maana yake ni kubwa. Kuna fukwe ambazo maji yakipwa yanaondoka kabisa. Upande wa mashariki wa Unguja, Paje na Jambiani, bahari inarudi hadi karibu na mwamba na kuacha uwanda mpana ambao wanawake wanalimia mwani; kilimo hicho kimekuwepo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Uwanda ule ni shamba la watu na una uzuri wake, ila mgeni aliyelipia maji mbele ya mlango anaweza kuamka saa nne asubuhi akakuta mchanga, magugu na dau limelala ubavu. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, maji hayaendi mbali kiasi hicho, na hiyo ni sababu mojawapo ya bei zake kuwa juu. Pwani ya Pangani nako maji yanakwenda mbali. Kwa hiyo tuliuliza swali jepesi: mama atapenda kukaa majini saa ngapi? Mama ni mtu wa jioni. Asubuhi ana sala zake, chai yake na mazungumzo yake. Basi tukatafuta siku za mwezi mpevu, ili maji yaje hadi karibu na baraza jioni, jua likiwa limepungua ukali, na asubuhi uwanda ubaki mtupu ili wajukuu waokote kombe bila mtu kuogopa kina.

Jambo hilo lilimfurahisha baba kuliko yote. Yeye hupanda maharage kwa kuhesabu mwezi, na sasa aliambiwa kwamba mwezi ule ule anaouona juu ya miti ya milanzi nyuma ya nyumba yake ndio unaovuta maji ya Pangani. Kila usiku alitoka uani kuutazama, akanipigia kunieleza umefikia wapi. Majedwali ya saa za maji yanapatikana kwenye simu, lakini mimi nilikuwa na baba.

Nyumba sasa. Njia ni mbili: majukwaa makubwa kama Airbnb na Booking.com, au madalali na wenye nyumba wanaotangaza Instagram na WhatsApp. Kwenye majukwaa kuna maoni ya waliotangulia, na nilijizoeza kuyasoma kwa namna moja tu: kutafuta mtu mwenye wazee au watoto kama mimi, nikaacha wengine. Kijana aliyekwenda na mchumba wake hataona kwamba bafu lina kizingiti. Nyumba nyingi za huko hutazamwa na wageni wa nje, na bei zilikuwa zimezoeleka kutajwa kwa dola. Tangu kanuni za Machi 2025 zikataze kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni, mwenyeji anatakiwa akutajie shilingi, nawe una haki ya kuuliza bei ya mkazi, ambayo mara nyingi iko chini na mara nyingi haiandikwi.

Kwa madalali kuna urahisi na kuna hatari. Mmoja alinitumia picha za nyumba safi sana, akasema kuna familia nyingine inaitaka, nitume nusu ya fedha usiku ule ili aishikilie. Kila Mtanzania mwenye simu ameshapokea ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”, na haraka ile ilikuwa na harufu hiyo hiyo. Nilimwomba aingie kwenye nyumba na kunipigia kwa video. Akasema mtunza funguo amesafiri. Nikaandika namba yake kana kwamba nataka kutuma, na kabla ya kuweka namba ya siri simu ikaleta jina tofauti kabisa na alilonipa. Nikaishia hapo. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa. Jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo ni ulinzi wa bure, na inafaa lilingane na jina la mtu unayezungumza naye, au akueleze vizuri kwa nini halilingani.

Nyumba tuliyoichukua, kusini mwa mto, niliipata kwa mwalimu niliyesoma naye ambaye aliwahi kufundisha wilayani humo. Mwenyewe ni mama wa makamo. Nilipompigia nikasema, “Shikamoo mama,” akaitikia, “Marahaba mwanangu,” na badala ya kunitajia bei akaniuliza tunakuja wangapi na wazee wana hali gani. Nikajua nimefika. Nilimwomba jambo moja: siku ya bamvua, saa nne asubuhi, anipigie kwa video akiwa amesimama barazani, kisha atembee hadi kwenye maji bila kukata simu. Alifanya hivyo. Nikaona baraza, ngazi mbili fupi, mnazi ulioinama, kamba ya nguo, mchanga mweupe, halafu mchanga wenye mikunjo, vidimbwi, ngalawa mbili zimelala. Alitembea mpaka akaanza kuhema, maji yakiwa bado ni mstari mbele yake. “Hapa ndipo yalipo sasa hivi,” akasema. “Jioni nitakupigia tena uyaone chini ya mnazi ule.” Na jioni akapiga. Sijaona tangazo lolote lenye ukweli wa kiasi hicho.

Nilimuuliza pia nyumba iko umbali gani kutoka mstari wa maji makuu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka baharini, ziwani au kando ya mto. Watu huiona kama sheria ya kuwabana wajenzi. Mimi naiona kama sheria ya kumlinda anayelala. Bahari inakula pwani: Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa na miti mikubwa, na leo ni fungu la mchanga ambalo maji makuu hulifunika. Kasa wanaotaga huko mayai yao huhamishiwa ufukwe wa Ushongo, kazi ambayo shirika la Sea Sense limeifanya pamoja na wanakijiji, kwa sababu yakiachwa kisiwani yatafunikwa na maji. Nyumba inayojisifu kwamba mawimbi yanagonga ukuta wake inaeleza hatari, na picha yake inapendeza kwa sababu hiyo hiyo.

Maswali mengine yalikuwa ya nyumbani, na mama yule aliyajibu moja baada ya jingine bila kuchoka. Umeme wa Luku ni wetu au ni wake? Ni wake mpaka kiasi fulani, tukizidisha tunanunua. Jiko ni la gesi, mtungi uko mzima. Maji ya kunywa? Ya kununua, kwa sababu kisima chake kina chumvi kidogo. Vyandarua viko kila kitanda na havina matundu. Swali hilo la mwisho nililirudia, kwa sababu Njombe ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo zaidi nchini, na mtu aliyekulia kwenye baridi yetu hana kinga ya kutegemea anaposhuka pwani. Baada ya kurudi, homa yoyote ni ya kupimwa mapema, na daktari aambiwe mgonjwa ametoka wapi.

Kisha yeye naye akauliza lake, kwa upole: nyumba ni ya Waislamu, na angeomba nyama ya nguruwe isiingie jikoni kwake. Kwetu kitimoto ni chakula cha furaha, hasa watoto wakirudi nyumbani. Nilimshukuru kwa kusema mapema. Baba alipoambiwa alijibu kwamba huwezi kulala katika kitanda cha mtu na kuchafua chungu chake, na habari ikaisha.

Kuhusu fedha tulikubaliana nusu kutangulia na nusu tukifika. Lakini kabla ya kutuma nilimuuliza swali ambalo kwa familia yetu haliwezi kukosekana: tukipata msiba katikati? Hakushangaa. Akasema siku zitasogezwa, fedha haitapotea, ila hawezi kuirudisha kwa kuwa atakuwa ameshanunulia vitu. Nilimwomba aniandikie maneno hayo kwenye ujumbe. Makubaliano ya mdomo si mabaya, lakini ujumbe unakumbuka vizuri kuliko sisi sote.

Safari yenyewe ilikuwa ndefu, kama tulivyojua. Makambako, Mafinga, Iringa, mteremko wa Kitonga ambao mama aliufumbia macho, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, tembo wa Mikumi kando ya lami. Tulilala Morogoro kwa ajili ya magoti yake, na hiyo gharama ya chumba ndiyo nisiyoijutia hata kidogo. Kutoka Morogoro si lazima kufika Dar es Salaam. Unashika Chalinze kwenda Segera, Muheza, Tanga, kisha Pangani na kivuko.

Bahari ilimpokea kila mtu kwa namna yake. Mama hakutaka kupanda ngalawa, na hatukumlazimisha. Alibeba kiti hadi chini ya mnazi ule, akasubiri maji yamfuate, na karibu saa kumi jioni yakamfuata hadi kwenye vifundo vya miguu kama tulivyoahidiwa. Kilichomtatiza ni kufua. Maji ya kisima yalikuwa na chumvi na sabuni ikakataa kutoa povu. Alisugua shati la baba mara mbili, akalinusa, akaniambia kwa masikitiko ya kweli kwamba nguo haijatakata. Mwenye nyumba akamletea ndoo ya maji ya mvua kutoka kwenye simtangi, na kuanzia hapo wakawa wanafua pamoja wakizungumza. Wajukuu tuliwawekea sharti moja alilotupa mama yule: kucheza mbele ya baraza tu, na kamwe wasisogee upande wa mlango wa mto, kwa kuwa maji yanapotoka huvuta hata mtu mzima.

Baba alikaa na bahari kidogo, akaomba apelekwe kwenye mkonge. Mashamba bado yapo, mistari imenyooka mpaka macho yanachoka. Mwenye nyumba alimpata mzee mmoja aliyekata mkonge maisha yake yote, wakakutana kando ya shamba. Mzee yule alipoambiwa tumetoka Njombe alicheka kwa furaha, akasema Wabena wako huku tele, wengine walimaliza mkataba na hawakurudi, wajukuu wao wanaongea kama yeye. Akamuonyesha baba jinsi ya kukata jani kwa chini kabisa, kuondoa mwiba wa nchani, na kufunga mzigo wa majani 30. Baba aliushika mzigo ule, akaupima kwa mikono, akauliza mtu alitakiwa kufunga mingapi ili siku yake iandikwe. Walizungumza muda mrefu kwa sauti ya chini. Nilikuwa karibu na sikuwaingilia. Jioni ile, maji yakiwa yamejaa mbele ya baraza, alituhadithia habari za babu ambazo hatukuwahi kuzisikia: kwamba alirudi na sanduku la bati na mkono mmoja usiofunga vizuri, na kwamba aliwakataza watoto wake wasiende Tanga hata wakati kodi ilipokuwa inawasumbua. Baba alikuwa amezikalia habari hizo miaka yote.

Tangu turudi, watu wa Mdandu wamekuwa wakiniuliza bei. Nawapa, lakini nawauliza kwanza wanampeleka nani. Jirani mmoja anataka kumpeleka mama yake ambaye haoni vizuri. Huyo nilimwambia aachane na habari za mandhari, atafute nyumba ambayo usiku mawimbi yanasikika kitandani na yenye mwenyeji mwenye mazungumzo. Kijana mwingine anataka fungate, na kwake bamvua na maji mafu ni sawa tu.

Mama ameshatamka kwamba zamu inayofuata ni Matema, kwa sababu anataka maji yanayotoa povu na vyungu vya Wakisi viwili vya kupikia maharage. Kundi la familia limeanza kuchanga. Nimempata mwenyeji mmoja kule, nikamuuliza habari za mwera, za kichocho mbele ya nyumba yake, na za vyandarua. Amejibu kwamba kufikia Septemba upepo huwa umepungua, vyandarua ni vipya, na kuhusu kichocho ataniulizia zahanati badala ya kunibahatishia. Nyumba yake ina ngazi kadhaa hadi mlangoni. Nimemwomba azipige picha kutoka ubavuni, ionekane kama zina pa kushika.